MAJI YA UDHU: IBADA AU DHULUMA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji safi kutoka mbinguni na akafanya kila kilicho hai kitokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake, na wote wanaofuata njia yao mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu yangu Muislamu, na wewe dada yangu katika imani, ninakuusia wewe, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nataka tuulizane swali moja. Je, inawezekana mtu akatenda ibada na dhuluma kwa mkono mmoja na kwa saa ile ile? Utanijibu upesi: haiwezekani, ibada ni nuru na dhuluma ni giza, havikai nyumba moja. Basi nifuate mpaka nyuma ya muskiti wetu, pale penye robine kumi tunapochukulia udhu, kisha nitakuuliza tena.

Ilikuwa Ijumaa moja ya kiangazi hapa Uvira. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika katika mtaa wetu tangu Jumatano. Muskiti una tangi lake la lita 5,000, na sisi tulikuwa tumelijaza kabla maji hayajakatika. Asubuhi akaja mama mmoja jirani, si Muislamu, ana mtoto mgongoni na bidoni ya njano mkononi. Akaniambia: "Papa Shehe, munisaidie bidoni moja tu. Watoto hawana maji ya kunywa." Mimi nikamjibu kwa upole, nikijiona mlinzi mwema wa mali ya muskiti: "Mama, utusamehe. Haya ni maji ya udhu. Yakiisha, watu watakuja na hawatapata ya kutawadhia." Akasema asante, akatelemka ziwani na bidoni yake.

Saa ya swala ikafika. Nikapita mahali pa kutawadha, nikaona robine zote kumi ziko wazi. Mmoja amegeuka anaongea na mwenzake mambo ya biashara, maji yanakimbia nyuma yake. Kijana anavua viatu na soksi, robine inamngojea ikiwa wazi. Mzee wetu mmoja anaosha mguu ule ule mara ya tano, moyo wake haujatulia. Maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mimi nikapita katikati yao, nikapanda mimbari, nikahutubu. Na khutba yangu ya siku ile, Mwenyezi Mungu anisamehe, ilikuwa juu ya haki za jirani.

Jumatatu nikapata habari kwamba mtoto wa mama yule amelazwa kwenye kituo cha kolera, yaani kipindupindu. Mwenyezi Mungu alimponya, akarudi nyumbani baada ya siku chache, alhamdulillahi. Sisemi kwamba maji aliyoyateka mama ziwani ndiyo yaliyomtia mtoto ugonjwa. Hilo analijua Mwenyezi Mungu, na mimi si munganga. Nasema lile ninalolijua tu: bidoni aliyoniomba ilikuwa ya lita 20, na mchana ule sisi tulimwaga chini ya miguu yetu bidoni zaidi ya mia moja. Hesabu yake nitakuonyesha.

Lakini kwanza ujue kwamba jambo hili la maji na kolera katika mji wetu limechunguzwa. Wachunguzi walichukua siku ambazo maji ya bomba yalikatika Uvira, tangu mwaka 2009 mpaka 2014, wakazilinganisha na idadi ya wagonjwa walioingia katika kituo cha kolera. Habari yao ilitolewa mwaka 2015. Waliona kwamba siku ambayo maji hayakutoka kabisa, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili. Sababu haihitaji elimu kubwa kuifahamu. Maji yetu ya bomba yanatoka mto Mulongwe, yanasafishwa, yanatiwa dawa. Yakikosekana, mama hawezi kuwaambia watoto wasione kiu. Atachukua bidoni aende ziwani au mtoni, mahali pale pale ambapo watu wanafua, wanaoga, na ambapo uchafu wa mji unatelemkia. Na mwezi wa Aprili 2020, mto ule ule ulipofurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, na mitambo ya maji nayo ikapata madhara. Tukajifunza tena kwamba maji ya bomba ni neema inayoweza kuondolewa usiku mmoja. Katika Sura Al-Mulk, aya ya mwisho, Mwenyezi Mungu anatuuliza: maji yetu yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea maji mengine?

Sasa turudi kwenye udhu. Mtume wetu (s.a.w.) alitumia maji kiasi gani? Hatuhitaji kubahatisha. Anas bin Malik (r.a.) ameeleza, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga josho kwa pishi moja mpaka mudi tano. Pishi unaijua, ndiyo ile tunayopimia zaka ya fitri kila mwisho wa Ramadhani. Pishi moja ina mudi nne, na mudi ndiyo wazee wetu waliyoiita kibaba: ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, vikiwa pamoja na vimejaa. Kwa kipimo cha leo ni kama robo tatu ya lita, au pungufu kidogo. Kwa hiyo mbora wa viumbe, aliyesimama usiku mpaka miguu ikavimba, alitawadha kwa maji yasiyojaza chupa ya lita moja. Tunasema kila siku kwamba haba na haba hujaza kibaba. Je, unajua kwamba kibaba kimoja kilimtosha Mtume wako?

Wiki ile ile nilichukua ndoo yenye alama za lita, nikaiweka chini ya robine. Nikawaomba vijana wawili na mzee mmoja watawadhe kama desturi yao, bila kuwaambia ninatafuta nini. Wa kwanza alijaza lita 7, wa pili lita 9, mzee lita 8. Kisha nikampa kila mmoja birika yenye lita moja, nikawaambia: tawadheni tena, mara tatu tatu, msiache sunna hata moja. Wote watatu walimaliza, na katika kila birika kulibaki maji. Mzee akaitikisa birika yake sikioni, akacheka.

Fanya hesabu sasa. Siku ya Ijumaa, wanaotawadha hapa muskitini wanafika kama watu 300. Kila mmoja akitumia lita 8, ni lita 2,400, sawa na bidoni 120. Kila mmoja akitumia lita moja, ambayo ni zaidi ya kibaba cha Mtume, ni lita 300, sawa na bidoni 15. Tofauti ni bidoni 105. Shirika la Afya Duniani linahesabu karibu lita 20 kwa siku kuwa kiasi cha chini kabisa ambacho mtu anahitaji kwa kunywa, kupika na kunawa. Lita 20 ni bidoni moja. Basi kwa saa moja ya swala ya Ijumaa tunamwaga mahitaji ya siku nzima ya watu 105. Na mimi nilimnyima mama mmoja bidoni moja, kwa hoja kwamba maji yatakwisha.

Najua moyo wako una maneno ya kujibu. Na wangu ulikuwa nayo. Tuyapime moja moja.

Neno la kwanza: "Shehe, sisi tuko kwenye ukingo wa Tanganyika. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, kina chake kinapita mita 1,400, na katika dunia nzima ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, linaloshinda kwa kina. Kutumia maji lita 8 kutalipunguza nini?" Neno hili ni la zamani kuliko wewe. Imepokewa katika Ibn Majah na Imam Ahmad kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Saad akitawadha, akamuuliza ni israfu gani hii. Saad akashangaa, akauliza kama katika udhu nako kuna israfu. Mtume akamjibu kwamba ndiyo, hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Wanavyuoni wa hadithi wameona udhaifu katika isnadi yake, na ni haki nikuambie. Lakini maana yake haikuachwa. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahih Muslim, ameandika kwamba wanavyuoni wamekubaliana kukataza israfu ya maji hata kwa mtu aliye ufukoni mwa bahari.

Kwa nini hata mtoni? Hapa ndipo penye mafunzo, tafadhali usipite haraka. Kama israfu ingekuwa ni kumaliza kitu tu, basi mtoni pasingekuwa na israfu, kwa sababu mto hauishi. Lakini israfu haipimwi kwa wingi wa kilichobaki. Inapimwa kwa haja ya mtu anayetumia. Maji yanakuwa yako kwa kiasi cha haja yako. Haja ikiisha, yanayozidi hayana tena jina lako. Mwenye israfu ameharibu moyo wake kabla ya kuharibu maji, maana amejizoesha kuchukua bila kuuliza. Na moyo huo hautabaki mtoni. Utakuja nao muskitini, ofisini, kwenye sanduku la fedha za watu. Tena, ndugu yangu, maji yanayotoka kwenye robine si ziwa. Yamesafishwa kwa dawa, yamesukumwa kwa mitambo, yamelipiwa franka. Ziwa ni kubwa, lakini maji safi ya mji ni kidogo, na mdomo wa bomba ni mmoja kwa wote. Siku ya kolera, ukubwa wa ziwa ndio hatari yenyewe, kwa kuwa ni hilo wanalolikimbilia waliokosa.

Neno la pili: "Haya ni maji ya muskiti, tumeyachangia sote. Simwibii mtu." Ndugu yangu, hapa ndipo jambo linapozidi uzito. Ukimwaga maji ya nyumbani kwako, umekosa katika mali yako, na wengi katika wanavyuoni wamesema ni karaha. Lakini maji ya muskiti na ya madrasa yametolewa wakfu ili watu watawadhe. Aliyechangia hakutoa ruhusa ya zaidi ya hapo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, na wa Hanafi pia, wamesema wazi kwamba kuzidisha katika maji ya wakfu ni haramu. Angalia basi tunavyofanya kinyume: nyumbani, ambapo mama ameteka bidoni kwa kichwa chake, unatawadha kwa kikombe kwa adabu kubwa. Ukifika muskitini, hospitalini, shuleni au ofisini, mahali ambapo maji ni ya watu wote, unafungua robine mpaka mwisho. Tumefanya kitu cha wote kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Lakini katika dini yetu, kitu cha wote ndicho chenye wenyewe wengi kuliko vyote, na siku ya Kiyama kila mmoja wao anaweza kukushika nguo.

Neno la tatu: "Nikitumia maji kidogo, udhu wangu hautakamilika." Hili linatoka kwa watu wema, nami nawaheshimu, lakini ni wasiwasi. Jabir bin Abdillah (r.a.) aliulizwa juu ya josho la janaba, akasema pishi moja inatosha. Mtu mmoja akasema haimtoshi yeye. Jabir akamjibu kwamba ilimtosha mtu aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na aliyekuwa bora kuliko yeye, akimaanisha Mtume (s.a.w.). Imo katika Bukhari. Na alipokuja Mwarabu wa jangwani kuuliza juu ya udhu, Mtume alimwonyesha mara tatu tatu, kisha akamfahamisha kwamba anayezidisha hapo amefanya vibaya na amedhulumu. Sikiliza neno hilo: amedhulumu. Hakusema amejichosha bure. Mara ya nne si ibada iliyozidi. Ibada iliisha kwenye mara ya tatu, na kilichoanza ni kitu kingine. Umepata jibu la swali letu la mwanzo: ndiyo, inawezekana, na vinaweza kuwa kwenye mguu mmoja, maosho matatu ya ibada na maosho mawili ya dhuluma.

Neno la nne: "Mabomba yamepasuka njiani, maji yanamwagika usiku na mchana, wakubwa hawatengenezi. Wewe unakuja kuhesabu kibaba changu?" Ni kweli, na walio na madaraka wataulizwa kwa walichokabidhiwa. Tuwaambie hivyo, bila woga na bila matusi. Lakini wewe hutaulizwa juu ya bomba la barabarani ambalo ufunguo wake hunao. Utaulizwa juu ya robine ambayo mkono wako uliifungua. Tena, utamwendea vipi mkubwa kumlaumu kwa maji yanayopotea, na yeye akifika muskitini kwako anavuka mto kuingia kuswali?

Sasa nikuonye upande wa pili, kwa kuwa dini yetu ni ya katikati. Katika Sura Al-Furqan, Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake wasiofanya israfu na pia wasiofanya ubahili. Mtu asiondoke hapa akafunga vyoo vya shule kwa kufuli, akasema ameambiwa na shehe. Usipunguze maji ya kustanji. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye makaburi mawili, akaeleza kwamba mmoja wa wanaoadhibiwa humo alikuwa hajikingi na mkojo wake. Usipunguze kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula, maana kolera inapita mkononi kabla ya kufika mdomoni. Usipunguze maji ya mgonjwa, wala ya kumwosha mzazi na mtoto wake. Usiache sehemu ya kisigino ikavu. Tunachopunguza ni kile ambacho hakikuosha kitu: maji yaliyopita kati ya robine na shimo bila kugusa mwili wa mtu. Hayo hayana faida kwako, wala kwa dini, wala kwa ardhi. Yanaacha matope na mbu tu.

Basi tufanye nini? Nitakueleza yale tuliyokwisha kufanya hapa na yale yaliyo katika uwezo wa kila nyumba kubwa ya watu wengi.

Kwanza, adabu ya robine. Vua viatu na soksi, kunja mikono ya shati, maliza mazungumzo, ndipo ufungue. Fungua kwa unene wa kalamu, si zaidi. Unapopaka kichwa na masikio, funga, kwani kupaka hakuhitaji maji yanayokimbia. Tumewaambia vijana wapunguze vali inayotoka kwenye tangi, ili hata mwenye kusahau asiweze kumwaga sana. Palipo na uwezo, ziko robine za kubonyeza zinazojifunga zenyewe.

Pili, birika. Tumeweka birika 20 za plastiki za lita moja. Anayetaka kufuata sunna kwa kipimo ajaze moja, akae, atawadhe kwa utulivu. Watoto wa madrasa wote wanajifunza udhu kwa birika, wala hawagusi robine mpaka wajue kutawadha kwa lita moja. Mtoto aliyezoea hivyo, ukubwani hatahitaji khutba hii.

Tatu, robine inayodondosha. Siku moja ina sekunde 86,400. Robine inayoangusha tone moja kila sekunde inaangusha matone hayo yote ukiwa umelala. Weka bidoni chini yake jioni, uje uitazame asubuhi. Mara nyingi ugonjwa wake ni kampira kadogo ndani kamechakaa, na bei yake ni ndogo kuliko hasara ya wiki moja. Mmoja wetu apewe kazi hiyo kwa jina, azipitie robine zote kila Alhamisi. Kazi ya wote isiyo na jina la mtu haifanywi.

Nne, maji yaliyotumika. Katika madhehebu yetu, maji yaliyokwisha kutumika katika faradhi ya udhu ni musta'mal: yenyewe ni safi, lakini hayafai kutawadhia tena. Kwa hiyo si najisi, na hakuna ubaya kuyatumia kwa kazi nyingine. Tumechimba mfereji unaoyapeleka kwenye pipa karibu na vyoo, yanatumika kumwagia choo. Yanayozidi yanakwenda kwenye migomba. Maji yale yale yanafanya kazi mara mbili.

Tano, wewe unayefanya kazi hospitalini, shuleni, hotelini au ofisini penye vyoo vya kuvuta maji. Vyoo vingi vya zamani vinamwaga lita 9 au zaidi kila vikivutwa. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ijaze maji, ifunge vizuri, iweke ndani ya tangi la choo mahali ambapo haizuii vyuma kufanya kazi. Kila mara choo kikivutwa, utakuwa umebakiza lita moja na nusu. Choo kikitumika mara 100 kwa siku, ni lita 150, bidoni saba na nusu. Ukishuku kwamba tangi linavuja kwa siri, tia ndani yake rangi kidogo, ungoje robo saa bila kuvuta. Ukiona rangi imetelemka bakulini, mpira wa chini haufungi. Na kama wewe ni mkubwa wa mahali hapo, usiwaachie wafagiaji lawama. Mfagiaji hanunui robine.

Sita, na hili ndilo la mwisho na kwangu ndilo zito: maji yaliyobaki yaende wapi? Tukibana maji kisha tukayafungia tangini, tumeacha israfu tukaingia ubahili. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwazuilia watu maji yaliyozidi haja. Na Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, akawaachia watu wanywe. Basi tumetoa bomba moja mpaka nje ya ukuta, upande wa barabara. Siku maji ya mji yanapokatika, robine ile inafunguliwa asubuhi na jioni, kila nyumba bidoni mbili, bila kumuuliza mtu anaswali wapi. Jirani ana haki kwa ujirani wake. Mwenyezi Mungu hakuandika dini kwenye kiu ya mtoto.

Ndugu yangu msomaji, mama yule bado ni jirani yetu. Bomba la nje lilipofunguliwa mara ya kwanza, nilimwendea nyumbani kwake mimi mwenyewe, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba maji yapo. Akanitazama, akasema: "Papa Shehe, na siku ile yalikuwapo." Hakusema kwa hasira. Nimesoma vitabu tangu utotoni, nimekaa chini ya masheikh, na sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo leo, utakapotoka kwenda kutawadha kwa swala ya alasiri, unaposhika robine jiulize maswali mawili tu. Maji haya yamekwisha kuniosha, au yanapita tu? Na kama yanapita tu, yanampita nani? Ukiweza kuyajibu bila kuona haya, udhu wako ni nuru, inshallah. Usipoweza, funga kidogo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyamwaga tukijua na tusiyoyajua. Tupe udhu unaosafisha viungo na mioyo. Waponye wagonjwa wetu, uwahifadhi watoto wa mji huu na maradhi, Waislamu na wasio Waislamu. Usitufanye tuwe sababu ya kiu ya mtu. Teremsha mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na uijalie nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako.